Ng'ombe watatu, ekari mbili: kinachoingia shambani, kinachotoka, na kinachovuja bila kuonekana

Swali: Naishi Machame, wilaya ya Hai. Nina ng'ombe wawili wa kukamua na mtamba mmoja, wote nawafugia bandani, kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha ekari mbili chenye migomba, kahawa kidogo na mabingobingo ya kulishia. Kila mwaka nanunua mfuko mmoja wa mbolea ya urea na mmoja wa mbolea ya DAP, pamoja na pumba, mashudu ya alizeti na madini ya unga ya ng'ombe. Mabua ya mahindi nayapandisha kutoka tambarare. Kikundi chetu kinataka kuingia kwenye kilimo hai. Nikiacha vitu vya dukani, udongo hautachoka? Na hayo madini ya ng'ombe niyaache pia? Kuna wanaosema shaba na zinki iliyomo inaishia kwenye samadi na kutia sumu ardhini.

Jibu: Urea na DAP unaweza kuziacha. Madini ya ng'ombe usiyaache. Na kabla hujagusa kimojawapo, tengeneza sakafu ya banda. Huenda jibu hilo likaonekana la ajabu, maana hukuuliza habari ya sakafu, lakini ndiko hesabu inakotufikisha. Nitaifanya hapa wazi ili uweze kuondoa namba zangu na kuweka zako.

Tunaanzia langoni. Kila kinachopita lango la shamba kuingia kinaandikwa upande mmoja, kila kinachotoka kinaandikwa upande wa pili. Kinachozunguka humo ndani, yaani majani kwenda kwa ng'ombe na samadi kurudi kwenye majani, hakihesabiwi kwa sasa. Tunafuata naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kilo, kisha shaba na zinki kwa gramu. Namba za viwango nilizotumia ni za kawaida kwa vyakula hivi. Pumba ya mashine moja hutofautiana na ya nyingine, kwa hiyo zichukue kama makadirio ya karibu.

Tuseme unauza lita 5,000 za maziwa kwa mwaka. Lita moja hubeba takriban gramu 5.2 za naitrojeni, karibu gramu 1 ya fosforasi na gramu 1.5 za potasiamu. Kwa hiyo maziwa yanaondoka na kilo 26 za naitrojeni, kilo 4.8 za fosforasi na kilo 7.5 za potasiamu. Ndama dume wa kilo 100 anaondoka na kilo 2.6 za naitrojeni, kilo 0.7 ya fosforasi na potasiamu kidogo sana. Ndizi za kuuza, tuseme tani 2, zinachukua kilo 4 za naitrojeni, nusu kilo ya fosforasi na kilo 9 za potasiamu. Angalia hapo: tani mbili za ndizi zimebeba potasiamu kuliko maziwa yote ya mwaka. Kahawa nimeiacha kwa kuwa umesema ni kidogo. Jumla ya kilichotoka: naitrojeni 33, fosforasi 6, potasiamu 17.

Sasa kilichoingia. Pumba kilo 1,400 huleta naitrojeni kilo 24, fosforasi 8.4, potasiamu 11. Mashudu ya alizeti kilo 550 huleta naitrojeni 23, fosforasi 5, potasiamu 7. Mabua makavu tani 3 huleta naitrojeni 21, fosforasi 2.4 tu, lakini potasiamu 36. Madini ya unga, ukitoa gramu 100 kwa kila ng'ombe wa kukamua na 50 kwa mtamba kila siku, hufika kilo 90 kwa mwaka. Yakiwa na fosforasi asilimia 8, hizo ni kilo 7.2. Urea huleta naitrojeni kilo 23. DAP huleta naitrojeni 9 na fosforasi 10. (Mfuko wa DAP umeandikwa 46, lakini hiyo ni asilimia ya P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni, zidisha kwa 0.44 upate fosforasi yenyewe. Kwa K2O, yaani potasiamu pamoja na oksijeni, zidisha kwa 0.83. Watu wengi huharibu hesabu yote hapo.)

Jumla iliyoingia ni naitrojeni 100, fosforasi 33, potasiamu 54. Ukitoa kilichotoka, unabaki na ziada ya naitrojeni 67, fosforasi 27 na potasiamu 37. Ukifuta urea na DAP, naitrojeni inabaki na ziada ya 35, fosforasi 17, na potasiamu haibadiliki hata kidogo kwa sababu mifuko hiyo miwili haikuwa nayo.

Kwa hiyo kwenye karatasi huhitaji mbolea ya dukani. Chakula unachonunua ndicho mbolea yako. Inapitia tumboni mwa ng'ombe kwanza. Ng'ombe wa maziwa hubakiza mwilini na kwenye maziwa takriban robo tu ya naitrojeni anayokula, theluthi hivi ya fosforasi, na sehemu ya kumi au pungufu ya potasiamu. Kinachobaki chote kinatoka nyuma.

Hapo ndipo hesabu ya langoni inapodanganya, maana inachukulia kwamba kilichotoka nyuma ya ng'ombe kimerudi shambani.

Wanyama wako watatu hula karibu tani 10 za chakula kikavu kwa mwaka. Pumba, mashudu na mabua ni tani 4.4 hivi, zilizobaki ni mabingobingo na majani ya migomba ya hapohapo. Ukipiga hesabu ya chakula chote, wanatoa takriban kilo 110 za naitrojeni, na nusu yake imo kwenye mkojo. Potasiamu wanayotoa ni kama kilo 158, na robo tatu yake imo kwenye mkojo. Fosforasi, kinyume chake, haipo kwenye mkojo kabisa kwa kiasi cha kuhesabika; yote imo kwenye kinyesi. Shaba na zinki nazo ziko kwenye kinyesi.

Banda la sakafu ya udongo, au la zege lisilo na mfereji, hupoteza mkojo karibu wote. Mwingine unazama chini ya banda, mwingine hutiririka barabarani mvua ikinyesha, na naitrojeni ya unaobaki juu hupaa kama hewa ya amonia ndani ya siku moja au mbili. Ile harufu inayochoma macho asubuhi ukifungua banda ni urea yako inaondoka. Mkojo ukipotea wote, unapoteza naitrojeni kilo 55 na potasiamu kilo 118. Rudi sasa kwenye ziada ya 35 na 37: naitrojeni inakuwa hasi 20, potasiamu inakuwa hasi 81. Ukitia tena urea na DAP, naitrojeni inapanda hadi ziada ya 12, lakini potasiamu inabaki palepale hasi 81. Kwa maneno mengine, mfuko wa urea umekuwa ukilipia deni la sakafu, na deni la potasiamu halijalipwa na mtu. Migomba ndiyo inayolionyesha kwanza: majani ya chini yanakuwa manjano ya rangi ya chungwa kuanzia nchani na pembeni, yanakunjika na kukauka mapema, na mikungu inazidi kuwa myembamba ingawa umeweka samadi.

Kilo 118 za potasiamu ni kama mifuko mitano ya kilo 50 ya MOP, mbolea ya dukani ya potasiamu. Na mkojo wenyewe ni lita 30 hivi kwa siku kutoka kwa wanyama watatu.

Kwa hiyo sakafu. Zege yenye mwinuko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, ikishuka kuelekea nyuma ya ng'ombe. Ikizidi hapo wanateleza na kuumia kwato. Nyuma yake mfereji wa upana wa koleo, ili uweze kuusafisha bila kuhangaika, nao umalizikie kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililofukiwa hadi shingoni na kufunikwa. Pipa hilo litajaa kwa wiki moja, hivyo weka mawili. Maji ya mvua ya paa yasiingie humo. Mtu akilalamika kwamba mkojo hauna nguvu, mara nyingi tatizo liko kwenye paa lisilo na mfereji. Chini ya ng'ombe tandika mabaki ya mabua au majani makavu ya migomba, kilo 2 au 3 kwa mnyama kwa siku. Hayo yananyonya kile ambacho mfereji haukukipata.

Mkojo changanya na maji kiasi sawa au mara mbili, mwaga jioni kwenye mfereji mdogo kando ya mstari wa mabingobingo au kuzunguka mgomba kwa umbali wa hatua moja, kisha fukia papo hapo. Ukiumwaga juu ya majani mchana wa jua, umefanya kazi ya kubeba maji tu. Kinyesi kiwekwe chini ya bati au kifunikwe kwa majani ya migomba. Lundo linalonyeshewa mvua za masika linaweza kutoa maji meusi kwa wiki kadhaa, na ule weusi ni potasiamu na naitrojeni. Mwenye mtambo wa gesi ya samadi hapotezi fosforasi wala potasiamu, ila tope linalotoka lina amonia nyingi, kwa hiyo nalo lifukiwe.

Tahadhari moja, maana dawa hii ina upande wake wa pili. Mabingobingo yanayopewa mkojo mwingi hufyonza potasiamu kupita mahitaji yake, hadi asilimia 4 ya uzito mkavu. Ng'ombe mwenye mimba akilishwa hayo wiki tatu za mwisho, mwili wake unashindwa kuchomoa kalsiamu kutoka kwenye mifupa kwa kasi siku ya kuzaa, naye anaangukia homa ya maziwa: analala, shingo imekunjwa ubavuni, masikio baridi. Shina la mgomba lina tatizo lilelile. Kwa hiyo yule anayekaribia kuzaa mpe zaidi mabua na majani kutoka sehemu ambayo haijamwagiwa mkojo miezi miwili iliyopita.

Sasa kilimo hai chenyewe. Kiwango cha Kilimo Hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, kile kinachobeba alama ya Kilimohai, kinakukataza urea na DAP. Hilo tumeshaona si msiba. Kinachobana zaidi ni chakula: pumba na mashudu vitokane na mashamba ya kilimo hai, isipokuwa sehemu ndogo. Kupata mashudu ya namna hiyo kwa bei ya kawaida si rahisi, na wengi huishia kupunguza chakula cha kununua. Hapo ndipo shamba linapobadilika kweli, maana umeziba lile lango lililokuwa likiingiza rutuba.

Tuseme umeacha pumba na mashudu kabisa, umepanda mikunde ya malisho, yaani desmodiamu kati ya mistari ya mabingobingo na kaliandra au lukina mipakani, na maziwa ya kuuza yameshuka hadi lita 3,800. Kilichotoka sasa ni naitrojeni 26, fosforasi 4.8, potasiamu 15. Mabua bado yanaleta naitrojeni 21, fosforasi 2.4, potasiamu 36. Mikunde ikistawi vizuri inaweza kukuletea kilo 30 za naitrojeni au zaidi kwenye eneo lako. Naitrojeni basi haina shida sana, ilimradi mkojo haupotei. Lakini mikunde inachota naitrojeni hewani. Fosforasi haiko hewani. Desmodiamu inachukua fosforasi ileile ya udongo wako na kuirudisha palepale, wakati mashudu yalikuwa yakileta mpya kutoka Singida au Dodoma. Bila madini ya unga, fosforasi yako ni hasi 2.4 kila mwaka. Ukiendelea kutoa madini, ni ziada ya 4.8.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutoacha madini: kilo 7 za fosforasi ni zaidi ya thuluthi mbili za mfuko wa DAP, na unazinunua kwa ajili ya ng'ombe huku shamba likipata bure. Viwango vya kilimo hai kwa kawaida huruhusu madini ya mifugo, hasa yenye asili ya miamba na chumvi, kwa masharti ya kuandika kwenye daftari. Muulize mkaguzi wa kikundi kabla hujanunua, umwonyeshe lebo.

Ukihitaji fosforasi zaidi kwa ajili ya udongo, kilimo hai kinaruhusu unga wa mwamba wa fosfeti, na wa Minjingu, pale Manyara, ni laini na huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, hasa pH (kipimo cha tindikali) ikiwa chini ya 5.5. Udongo wa volkano wa Kilimanjaro una tabia ya kuishika fosforasi na kutoiachia, kwa hiyo usitawanye unga shamba zima. Changanya na samadi, acha wiki kadhaa, weka kwenye shimo la mgomba au mstari wa majani. Na uweke mbali na ng'ombe. Kuna watu huona neno fosfeti na kudhani unafaa kulambwa. Mwamba wa fosfeti ambao haujasafishwa huwa na floridi karibu asilimia 3; gramu 50 kwa siku ni miligramu 1,500 za floridi, sawa na miligramu 125 kwa kila kilo ya chakula kikavu cha ng'ombe anayekula kilo 12. Kikomo cha ng'ombe wa maziwa ni 40 hivi. Meno yatakuwa na madoa ya kahawia na kulika, kisha anachechemea. Kwenu hatari ni kubwa zaidi kwa sababu maji ya baadhi ya vijito na visima vya Meru na Hai tayari yana floridi, na magadi mnayowalambisha nayo yanayo. Magadi yanatoa sodiamu, hilo ni kweli, lakini hayana iodini ya kutegemea. Chumvi ya kawaida yenye iodini ni bora na haina madhara hayo.

Kuhusu yale mabua: ikiwa yanatoka kwenye shamba lako mwenyewe la tambarare, basi lango tuliloliweka Machame liko mahali pasipo haki. Tani 3 za mabua zinaondoka tambarare na potasiamu kilo 36 na naitrojeni kilo 21, juu ya mahindi yenyewe, na kihamba kinaonekana kizuri kwa gharama ya shamba la chini. Gari linalopanda na mabua lishuke na magunia ya samadi kavu. Hata magunia ishirini yanapunguza deni. Kama mabua unanunua kwa mtu mwingine, deni ni lake, lakini baada ya miaka michache atakuwa na mabua membamba ya kukuuzia.

Nije kwenye shaba na zinki, ambako hofu ni kubwa kuliko hesabu. Madini ya unga ya kawaida yenye zinki miligramu 5,000 kwa kilo na shaba 1,200 kwa kilo, ukitumia kilo 90 kwa mwaka, yanaingiza zinki gramu 450 na shaba gramu 108. Maziwa lita 5,000 yanatoka na zinki gramu 20 na shaba chini ya nusu gramu. Kwa hiyo wanaosema vinaishia kwenye samadi wamesema kweli. Zaidi ya asilimia 95 vinaishia huko. Sasa sambaza ziada ya zinki, gramu 430, kwenye hekta 0.8. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa takriban tani 2,000. Unaongeza miligramu 0.27 kwa kila kilo ya udongo kwa mwaka, na hata ukitia zinki ya pumba na mashudu haifiki 0.5. Baada ya miaka 40 ya madini pekee umeongeza 11. Ulaya, kanuni zao za tope la maji taka huweka kikomo cha zinki kwenye udongo kati ya miligramu 150 na 300 kwa kilo. Wajukuu wako hawatafika huko kwa njia ya ng'ombe watatu.

Wanaoweza kufika ni wafugaji wakubwa. Kuogesha kwato kwa mrututu (salfeti ya shaba) wa asilimia 5 kwenye lita 200 za maji kunatumia kilo 10 za mrututu, na ndani yake mna kilo 2.5 za shaba. Hiyo ni sawa na miaka 23 ya madini yako, na mara nyingi maji hayo humwagwa kwenye shimo la samadi baada ya siku chache. Na kwenye kihamba chenu shaba iliyo nyingi haikutoka kwa ng'ombe. Ilitoka kwenye dawa za kahawa. Magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, yamepigwa dawa za shaba Kilimanjaro kwa miongo mingi, na udongo wa vihamba vya zamani unaonyesha. Kilo moja ya dawa yenye shaba asilimia 50 ni gramu 500, zaidi ya miaka minne ya madini. Tena shaba inaruhusiwa kwenye kilimo hai! Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba, na wakulima wao wa kilimo hai wa zabibu ndio wanaolalamika zaidi. Majani chini ya mibuni iliyopigwa dawa ya shaba usiyakate kwa angalau wiki tatu na mvua kubwa moja, na kondoo usimpe kabisa, wala usimlambishe madini ya ng'ombe. Ng'ombe anavumilia shaba; kondoo inamuua.

Upande wa pili ni upungufu, ambao ndio uko karibu nawe zaidi. Mabingobingo na mabua kwa kawaida hayafikii mahitaji ya ng'ombe wa maziwa, ambayo kwa kila kilo ya chakula kikavu ni kama shaba miligramu 10, zinki 40 hadi 50, kobalti 0.1 hadi 0.2, seleniamu 0.3 na iodini 0.5. Udongo wa majivu ya volkano unaweza kuonekana mweusi na mnene huku ukikosa kitu kimoja kidogo. Huko Nakuru, Kenya, ng'ombe walikuwa wakikonda na kuishiwa damu kwenye malisho mazuri mpaka ikajulikana kwamba kinachokosekana ni kobalti. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji. Kwako angalia haya: ng'ombe mweusi anayegeuka rangi ya kutu na kupata miwani ya kijivu kuzunguka macho anakosa shaba. Anayetafuna mifupa, nguo na mifuko ya plastiki anakosa fosforasi, wakati mwingine sodiamu. Kondo la nyuma linalobaki kwa zaidi ya ng'ombe mmoja mwaka huohuo linaelekeza kwenye seleniamu, ingawa lina sababu nyingine pia. Ndama anayezaliwa na uvimbe shingoni, manyoya machache, ni iodini.

Upungufu wa shaba unaweza kutokea hata shaba ikiwepo, kwa sababu molibdenamu na salfa huishika tumboni. Chokaa nyingi shambani hupandisha molibdenamu kwenye majani na kushusha zinki, manganizi na kobalti. Kwa hiyo ukiambiwa uweke chokaa, weka kidogo kidogo kwa misimu miwili, lenga pH ya 5.8 au 6, usikimbilie 7.

Kwenye ununuzi wa madini soma lebo, si picha ya ng'ombe. Lebo isiyoandika miligramu kwa kilo kwa kila madini usiinunue. Fosforasi iwe asilimia 6 au zaidi. Yapo mengi sokoni ambayo ni chokaa na chumvi yaliyopakwa rangi, na kwa huyo ng'ombe wako hayatibu chochote. Seleniamu lazima iwepo lakini usiongeze ya ziada kwa mkono: kutoka kiasi cha kufaa hadi kiasi cha sumu ni hatua fupi. Madini yatolewe juu ya pumba, asubuhi na jioni, na siyo kwenye kopo lililo wazi ambamo mmoja hulamba ya wote.

Nafahamu kwamba wengi hupata hofu hii kwa kusoma habari za Ulaya. Huko shida ni kinyume cha yako. Uholanzi, baada ya mgao uliowekea kikomo uzalishaji wa maziwa kufutwa 2015, ng'ombe waliongezeka hadi serikali ikaanzisha haki za fosfeti mwaka 2018, mfugaji asizidishe idadi ya mifugo kuliko haki zake. Naitrojeni ya samadi Ulaya ina kikomo cha kilo 170 kwa hekta, na kwa mashamba ya kilimo hai ni hivyohivyo. Kule shamba la kilimo hai huonekana zuri kwa sababu ziada yake ni ndogo. Kwako ziada ndogo ikishuka kidogo tu inakuwa hasi, na potasiamu ndiyo ya kwanza. Hata Ulaya mashamba ya kilimo hai kwenye udongo wa kichanga hulalamikia hiyohiyo.

Kabla ya kusaini na kikundi, pima. Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kutembea mshazari, kina cha sentimita 20, changanya, toa nusu kilo. Mabingobingo na kihamba viwe sampuli mbili tofauti, na usichote karibu na lundo la samadi wala mahali banda lilipokuwa zamani. Tumia ndoo ya plastiki: ndoo ya bati ina zinki na itakupotosha. Omba pH, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, shaba na zinki. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza na maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro wanapima. Pamoja na hiyo peleka kilo moja ya mabingobingo yaliyokatwa kwa urefu ule unaolisha, yamekaushwa kivulini, uombe potasiamu, fosforasi, shaba na molibdenamu. Andika kwenye mfuko tarehe na kama eneo limepigwa dawa ya kahawa. Rudia baada ya miaka mitatu, mwezi uleule, kabla ya masika.

Na sakafu usingoje majibu ya maabara.